Kaka anataka kuniletea Mac mini: hizi kompyuta za ARM zinacheza gemu kweli?

Swali la msomaji wa Pasua, Moshi:

"Shikamoo fundi. Mimi nahariri video za harusi na kipaimara hapa Moshi. Kaka yangu yuko Uingereza, anataka kuniletea Mac mini ya M1 yenye RAM ya GB 8, au nimwongezee hela anichukulie ya M4 yenye GB 16. Jamaa wa mtaani wananikataza, wanasema hizo ni kompyuta za ARM, zimewekewa chipu ya simu na gemu hazichezi. Mpango wangu mchana nihariri, jioni nicheze, na baadaye nifungue kibanda cha gemu hapo nyumbani, vijana wacheze mpira na GTA. Je, kuna gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya ARM yenyewe, au ni kulazimisha tu? Na kama Windows ya ARM au Raspberry Pi ni bora zaidi, niambie kabla kaka hajanunua."

Marahaba mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: ongeza hela, kaka achukue M4 ya GB 16. Itakufaa kwa harusi zako, na jioni utacheza gemu nzuri zilizoandikwa kwa chipu hiyohiyo. Ila kibanda usikijenge juu yake. Mpira na GTA, ambazo ndizo zitakazokuletea wateja Pasua, hazina toleo la Mac. Nguvu ya chipu haihusiki kabisa hapo. Ni watengenezaji wa gemu hizo ambao hawajaziandaa kwa mashine hiyo, na jamaa zako wamechanganya mambo hayo mawili.

Hili la "chipu ya simu" nalisikia kila wiki hapa Arusha, hata kwa mafundi wenzangu, na linaniuma kwa sababu linawanyima watu mashine nzuri. ARM, familia ya chipu ambamo M1 na M4 za Apple zimo, ilizaliwa kwenye kompyuta ya mezani. Kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilikuwa ikitengeneza kompyuta za shuleni na nyumbani, na Sophie Wilson na Steve Furber ndio walioibuni chipu hiyo. Ya kwanza iliwashwa Aprili 1985. Furber amesimulia jinsi walivyoiwekea kipimo cha umeme, kikasoma sifuri huku chipu ikiendelea kupiga kazi. Walipochunguza wakakuta njia yake ya umeme haijaunganishwa hata kidogo, nayo ilikuwa inaishi kwa umeme mdogo uliopenya kupitia nyaya za mawasiliano. Mwaka 1987 Acorn ikatoa Archimedes, kompyuta ya mezani yenye ARM ndani, na mwaka huohuo David Braben akaiandikia Zarch, gemu ya kurusha chombo juu ya vilima na mabonde ya pande tatu, kitu cha kushangaza kwa kompyuta ya nyumbani ya wakati ule. Kwa hiyo gemu za asili za ARM mezani zina umri mkubwa kuliko wewe.

Halafu waangalie haohao wanaokukataza. Jioni wamekaa kibarazani wanacheza mpira wa PES kwenye PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu. Simu ile ni ARM, na PPSSPP yenyewe imeandaliwa kwa ARM. Nintendo Switch, iliyotoka 2017, ni ARM. Switch 2 ilipoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025, Cyberpunk 2077, gemu nzito inayotesa kompyuta nyingi za Intel, ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Tarehe 17 Julai mwaka huohuo ikaja kwenye Mac za chipu za Apple, nazo ni ARM. Gemu moja nzito, mashine mbili za ARM, ndani ya wiki sita.

Sasa tuje kwenye neno "asilia", kwa sababu ndilo ulilouliza hasa. Chipu za Intel na AMD zina lugha yao ya mashine inayoitwa x86. ARM ina yake. Gemu unayoipakua haiko tena katika maandishi waliyoyaandika watengenezaji. Imeshageuzwa kuwa maagizo ya chipu fulani. Ukiipeleka kwenye chipu nyingine, ni sawa na mgeni aliyealikwa kwenye kikao cha ukoo kule Kibosho hali hajui Kichaga. Atakaa, atasikia, lakini hataelewa bila mkalimani. Gemu asilia ni ile ambayo wenyewe wameirudia na kuigeuza kwa lugha ya ARM, ikakaa kikaoni kama mwana wa nyumbani.

Kwa gemu ndogo kazi hiyo si kubwa. Injini zinazotumika kutengeneza gemu nyingi, Unity, Unreal na Godot, zote zinaweza kutoa toleo la ARM. Kinachokwamisha gemu kubwa ni vipande vya watu wengine vilivyomo ndani yake: maktaba ya sauti ya kampuni hii, kinga ya wizi ya kampuni ile, mtambo wa kukamata wanaodanganya wa kampuni ya tatu. Kwenye Mac programu moja haiwezi kuendeshwa nusu kwa ARM na nusu kwa x86. Kipande kimoja kikikosa toleo la ARM, gemu nzima inabaki mikononi mwa mkalimani.

Na kuna lugha ya pili, ya picha. Gemu za Windows huongea na kadi ya picha kwa DirectX, Mac inaelewa Metal, na Linux inatumia zaidi Vulkan. Anayeleta gemu kwenye Mac anafanya kazi mbili: abadilishe lugha ya chipu na lugha ya picha. Mwaka 2023 Apple ilitoa vifaa iliyoviita Game Porting Toolkit ili mtengenezaji aweze kuiwasha gemu yake ya Windows kwenye Mac na kuona ina hali gani kabla hajaanza kuihamisha. Imesaidia, lakini bado kuna gemu nyingi mno ambazo wenyewe wanaona wanunuzi wa Mac hawatoshi kurudisha gharama. Hayo ni mahesabu ya biashara.

Zilizofika rasmi ni zipi? World of Warcraft ilikuwa tayari Novemba 2020, M1 ilipotoka tu. Resident Evil Village ikaja Oktoba 2022. Mwaka 2023 zikafuata No Man's Sky, Baldur's Gate 3, Lies of P na Resident Evil 4. Death Stranding ikaingia mapema 2024, Assassin's Creed Shadows Machi 2025, kisha Cyberpunk niliyoitaja. Hiyo si orodha yote, na gemu ndogondogo zilizo asilia ni nyingi zaidi. Lakini EA Sports FC kwa upande wa kompyuta ni ya Windows tu, na GTA V haijawahi kutolewa kwa Mac. Ndiyo maana nimekukatalia kibanda bila kusitasita.

Sasa mkalimani. Apple inaye wake, Rosetta 2, na nikiri wazi kwamba ni kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa. Rosetta hasubiri kikao kianze. Unapofungua programu ya Intel mara ya kwanza anaitafsiri karibu yote kabla, anaihifadhi tafsiri, na mara ya pili inafunguka haraka. Yale maagizo yanayozaliwa wakati programu inakimbia ndiyo anayoyatafsiri papo hapo.

Kuna jambo moja la ndani ambalo watu wachache hulijua, na mimi hulipenda. Chipu ya x86 ina nidhamu kali ya kumbukumbu: ikiandika jambo la kwanza kisha la pili, viini vingine vya chipu vitayaona kwa mpangilio huohuo. ARM imepewa uhuru wa kupanga upya, na uhuru huo ni moja ya vitu vinavyoipa wepesi. Gemu ya x86 yenye kazi kumi zinazokwenda sambamba imeandikwa ikitegemea ile nidhamu. Ukiitafsiri kwa ARM bila tahadhari, kazi moja itasoma namba kabla nyingine haijamaliza kuiandika, na gemu itaanguka katikati ya mchezo bila sababu unayoweza kuiona. Wakalimani wengine huweka vizuizi kila mahali ili kulinda mpangilio, na vizuizi hivyo vinakula kasi. Apple waliweka swichi ndani ya chipu yenyewe: Rosetta anapofanya kazi, chipu inafuata nidhamu ya x86. Ndiyo sababu gemu nyingi za Intel zinakwenda vizuri kwenye Mac kuliko mtu anavyotarajia.

Kwa nini basi nikusumbue na habari za asilia, kama mkalimani ni hodari hivyo? Kwa sababu mkataba wake una mwisho. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta itaendelea kuwepo kwa ukamilifu hadi macOS 27. Baada ya hapo itabaki sehemu yake tu, kwa ajili ya gemu za zamani ambazo wenyewe hawazitunzi tena. Na Apple wakisema wanafunga mlango huwa wanaufunga. Mwaka 2019, macOS Catalina ilipokuja, programu zote za biti 32 zilikufa siku moja, na watu walipoteza gemu walizozinunua kwa pesa zao halali. Mwenzetu wa Ulaya atabadilisha kompyuta baada ya miaka mitatu minne, hataona tofauti. Sisi huku kompyuta tunakaa nayo miaka minane, kumi, kisha anaichukua mdogo wetu aende nayo chuoni. Ukinunua gemu leo, na umeishusha kwa bando lako, nataka ikufae miaka yote hiyo. Gemu iliyo asilia ina nafasi kubwa zaidi ya kufika huko.

Nikupe kisa cha mezani kwangu. Mwanafunzi mmoja wa Njiro aliniletea Mac mini ya M1 akilalamika kwamba Minecraft inakwama kwama, akigeuza kichwa tu picha inaganda. Alikuwa ameshaamini kompyuta ni mbovu. Nilifungua Activity Monitor, ile programu ya Mac inayoonyesha kila kitu kinachoendelea, nikaenda kwenye safu iliyoandikwa Kind. Mstari kwa mstari palisomeka Apple, Apple, Apple, mpaka nikafika kwenye Java. Hapo paliandikwa Intel. Minecraft ile ni ya Java, yaani haiongei na chipu yenyewe, inaongea na Java, na Java ndiyo inayoongea na chipu. Yeye alikuwa ameshusha kizindua cha pembeni na kukiwekea Java ya Intel aliyoikuta mtandaoni, hivyo kila kitu kilikuwa kinapita kwa mkalimani. Na Java huzalisha maagizo mapya muda wote gemu inapokimbia, kazi ambayo Rosetta haiwezi kuiandaa mapema. Tuliifuta, tukaweka Java iliyojengwa kwa ARM, safu ikasoma Apple. Alicheza palepale dukani akiwa amesimama, hata kiti hakukikumbuka. Sikugusa bisibisi.

Kwa hiyo jifunze kuiangalia ile safu ya Kind. Kwenye Windows mambo ni yaleyale: fungua Task Manager, upande wa Details, uongeze safu ya Architecture, itakuambia ARM64 au x64. Kwenye Linux, amri ya file ukiielekeza kwenye faili la gemu itajibu aarch64 ikiwa ni ya ARM. Na kabla ya kununua, soma mahitaji ya gemu. Ile alama ya Mac kwenye ukurasa wa Steam, duka la gemu la mtandaoni, haitoshi, kwa sababu inawekwa hata kwenye gemu za Intel za zamani. Tafuta mahali panapotaja M1 au chipu za Apple kwa jina. Ukikuta imetajwa Intel peke yake, hesabu kwamba unanunua tafsiri.

Kuhusu GB 8 na GB 16 nataka unisikilize vizuri, kwa sababu najua mazoea yetu: "nianze na hii, RAM nitaongeza baadaye." Kwenye Mac hizi hakuna baadaye. RAM imefungwa pamoja na chipu, na kadi ya picha inachota humohumo, haina RAM yake pembeni. Fundi yeyote atakayekuahidi kuiongeza anakudanganya. Cyberpunk kima chake cha chini ni M1 yenye GB 16, maana yake ile M1 ya GB 8 aliyoiona kaka yako iko nje ya mlango kabla hujalipa. Kadi ya picha ya nje nayo haikubaliki kwenye Mac za ARM, usije ukauziwa kisanduku chake. Na ile njia ya zamani ya kuweka Windows kwenye Mac kwa Boot Camp haipo tena humu. Utaweza kuiendesha Windows ya ARM ndani ya programu kama Parallels, lakini hapo gemu ya Intel itakuwa inatafsiriwa ndani ya kompyuta iliyomo ndani ya kompyuta. Kwa gemu nyepesi sawa. Kwa nzito utajitesa.

Diski nayo. M4 ya bei ya chini ina GB 256, na Baldur's Gate 3 peke yake inataka GB 150. Wewe una video za harusi. Usilipie diski kubwa ya Apple, bei yake ni kali. Nunua SSD ya nje ya USB-C, Steam inakubali kuweka gemu humo. Na GB 150 kwa bando la simu ni maumivu, tafuta mwenye faiba ukashushie usiku.

Windows ya ARM nitaipitia haraka. Microsoft walianza na Windows RT mwaka 2012, ikafa. Wakarudi na Windows 10 ya ARM, ambayo mkalimani wake aliweza programu za biti 32 tu. Windows 11 ndiyo iliyoleta za biti 64, na 2024, pamoja na chipu za Snapdragon X, akaja mkalimani mpya anayeitwa Prism. Prism ni mzuri. Tatizo ni lile la mitambo ya kukamata wadanganyifu. Mingi hukaa kama draiva, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi ndani kabisa, kwenye mzizi wa mfumo, na Prism hutafsiri programu, hatafsiri draiva. Draiva lazima iwe ya ARM kamili, la sivyo gemu inakataa kufunguka hata kama chipu ina nguvu ya kuibeba mara mbili. Fortnite ilikwama hivyo, mpaka Machi 2025 Epic, watengenezaji wake, walipotangaza kwamba wanaleta mtambo wao, Easy Anti-Cheat, pamoja na gemu yenyewe kwenye Windows ya ARM. Ni dalili njema. Lakini wewe umeuliza kompyuta ya mezani, na karibu zote za Snapdragon X ni laptopu. Kisanduku cha mezani ambacho Qualcomm, wenye chipu za Snapdragon, walikitangaza kwa watengenezaji wa programu mwaka 2024 walikifuta wenyewe Oktoba mwaka huohuo. Kwa mtu wa gemu wa Moshi, leo, mimi singeichukua.

Raspberry Pi ni habari nyingine, na naisemea kwa mapenzi, kwa sababu ndipo utakapoona maana halisi ya programu asilia. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, ina viini vinne vya ARM vya 2.4 GHz na inaishi kwa chaja ya wati 27. Ukiiwekea Linux yake, utakuta SuperTuxKart, OpenTTD, Luanti na RetroArch, vyote vya ARM, bila mkalimani na bila kulipa senti. Imewezekanaje? Maandishi ya programu hizo yako wazi kwa kila mtu, hivyo Debian, waandaaji wa Linux ambayo hiyo ya Raspberry Pi imejengwa juu yake, wanayageuza wenyewe kwa kila chipu wanayoihudumia. Hakuna kampuni ya kuibembeleza. Mtoto akitaka kujua gemu imeandikwaje, anafungua anasoma. Ukiwa na watoto nyumbani wanaoanza kompyuta, wapatie hiyo. Kwa gemu za Intel kuna wakalimani wa kujitolea, Box64 na FEX, na Novemba 2025 Valve, wenye Steam, walitangaza Steam Frame, kifaa cha kuvaa usoni chenye chipu ya Snapdragon, kinachotumia hiyohiyo FEX kuendesha gemu za x86. Wakubwa wa gemu za kompyuta wakianza kuuza kifaa cha ARM chao wenyewe, watengenezaji wataanza kuwapelekea matoleo ya ARM. Hilo nalisubiri kwa hamu. Ila harusi huwezi kuihariri kwenye Raspberry Pi ukamaliza kabla bibi harusi hajapata mtoto wa kwanza, kwa hiyo kwako wewe iwe kifaa cha pili.

Kitu kimoja jamaa zako hawakukuambia: LUKU. Apple wanaandika kwamba Mac mini ya M4 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula wati 65, na ikiwa imetulia ni wati 4 tu. Chukua kompyuta ya gemu ya Intel yenye kadi kubwa ya picha, inayovuta wati 400 ukiwa unacheza. Saa tano kila jioni ni uniti mbili. Mac kwa saa hizohizo tano haifiki hata theluthi moja ya uniti; ni uniti 0.325 kamili. Kwa mwezi ni uniti 60 kwa moja, na chini ya 10 kwa nyingine, kioo ukikihesabu pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha video ya harusi, UPS ndogo itakubeba muda wa kutosha kumaliza na kuzima kwa utulivu. Yule Furber na kipimo chake kilichosoma sifuri, matunda yake ndiyo haya.

Kwa kibanda, chukua PlayStation 4 mbili zilizotumika lakini nzima. Ina mpira, ina GTA, ina pedi ambazo kila kijana wa Pasua ameshazizoea, na ikiharibika mafundi wapo Moshi na Arusha. Chipu yake ni x86 kutoka AMD, kwa hiyo gemu hizo huko zipo kwao, hazihitaji mkalimani. Mac yako iache chumbani kwa kazi. Usiwape wateja, wataimwagia soda.

Kuhusu kaka, kama atanunua iliyotumika, amwambie muuzaji aiwashe mbele yake. Afungue About This Mac, akupigie picha inayoonyesha chipu na GB za RAM. Kisha muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple na aifute mashine yote hadi kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, kaka aiunganishe na Wi-Fi akiwa hapohapo. Ikiomba nenosiri la mwenye mali, au ikitoa ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni au shule, airudishe palepale, kwa sababu ikishafika Kilimanjaro hakuna fundi atakayekufungulia, hata mimi. Ikipita, nitumie ile picha pamoja na majina ya gemu tano unazozitaka zaidi, nikuangalizie moja baada ya nyingine ipi ni asilia na ipi inatafsiriwa, kabla hujaweka hela Steam.